Jumapili Nilizozipigia Hesabu

Hadi leo kwetu Katindiuka hawajaelewa ninafanya kazi gani. Nikisema mimi ni mhandisi, wanaitazama mikono yangu, wanaona haina sugu, wanacheka. Nikifafanua kwamba uhandisi wangu ni wa hesabu, kwamba mtu akitaka kujenga daraja mimi ndiye ninayekaa na karatasi nikamwambia mto utapanda hadi wapi, wanacheka zaidi. Binamu yangu mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo wanakulipa kwa kutabiri? Si ungekuwa mganga tu? Mganga hata kuku anapewa."

Nawaacha wacheke. Kazi yenyewe niliianza hapo hapo kwao, kwenye ubao mmoja uliopigiliwa kando ya mto Lumemo, nikiwa na miaka kumi na minane, na nusura niipoteze hapo hapo kabla sijaipata. Nitasimulia ilivyokuwa, na sitajipendelea, maana kujipendelea ndiko kulikoniponza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwenye shule ya bweni ya misheni na nimerudi nyumbani na cheti, sanduku la bati na majivuno. Hesabu nilikuwa naziweza, hilo siwezi kulificha. Mwalimu alikuwa akiandika swali ubaoni, mimi najibu kabla hajaweka chaki chini. Wenzangu walinichukia, na walikuwa na haki yao. Baba yangu, ambaye ukoo wake ulishuka kutoka upande wa Mahenge, alikuwa mwalimu wa dini, na alitaka nami niwe mwalimu kama yeye, wa dini au wa chochote. Mimi sikujua ninataka kuwa nani. Nilijua tu kwamba nikikaa siku tatu bila kupiga hesabu ya kitu, nilikuwa nagombana na watu.

Ndipo akaja injinia. Alipiga mahema yake nje ya Ifakara, mji wa karibu na kwetu, akiwa na lori, vyombo vyenye miguu mitatu na vijana wa kubeba fimbo ndefu zilizoandikwa namba. Serikali ilitaka kujenga daraja Lumemo, kwa sababu kila masika mto ule ulikuwa unawafungia watu wa ng'ambo. Mgonjwa alivushwa kwa mtumbwi, mpunga ulivushwa kwa mtumbwi, hata bibi harusi alivushwa kwa mtumbwi ameshika viatu mkononi. Lakini huwezi kujenga daraja mpaka ujue maji yanapanda kiasi gani, na jambo hilo hakuna aliyekuwa ameliandika popote.

Injinia alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, mwenye Kiswahili alichojifunza kitabuni, kila neno limekaa mahali pake na hakuna hata moja linalocheka. Alikuwa anatafuta kijana anayejua namba. Mwalimu wangu wa zamani alinitaja mimi, nadhani ili nimwondokee. Injinia aliniuliza maswali matano ya hesabu, nikajibu saba, mawili ya mwisho nikiwa nimejiuliza mwenyewe. Akaniajiri.

Kazi ilikuwa rahisi mno hata nikaona aibu kulipwa. Pale mtoni, chini ya njia iendayo mashambani, alikuwa amechimbia nguzo na kuipigilia ubao wa futi kumi na mbili, umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba nyeusi, kila futi imegawanywa sehemu kumi. Nilipaswa kufika saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, nitazame maji yamegusa wapi, niandike kitabuni. Kila siku, mwezi hadi mwezi, tangu kabla ya mvua za kwanza mpaka masika yaishe.

"Kila siku," injinia alisema. "Mto haupumziki."

Kisha akaniambia lile lililonikosesha usingizi kwa furaha. Kulikuwa na chuo cha ufundi Dar es Salaam, ambako vijana walifundishwa upimaji, michoro na hesabu za kihandisi. Ili mtu apokelewe alihitaji barua ya mhandisi aliyefanya naye kazi. Masika yakiisha na kitabu changu kikiwa kizuri, angeniandikia. Bila barua, hakuna chuo, na bila chuo, mimi ni mtu mwenye cheti na sanduku la bati. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona tayari nimevaa kofia ya kazi.

Tatizo lilikuwa Jumapili.

Kila Jumapili baba alikuwa anaongoza ibada kwenye kigango kimoja mbali na kwetu. Tulitoka nyumbani kabla ya kupambazuka, familia nzima, mama akiwa na chakula kichwani, na tulirudi giza limeingia. Kwa baba, amri ya kushika siku ya Mungu haikuwa na mlango wa nyuma. Siku hiyo hapakuwa na kulima, kufua, kutwanga wala kushona kifungo. Mama alikuwa anatwanga mchele wa Jumapili siku ya Jumamosi. Nikajiambia kwamba mtu asiyeruhusiwa kushona kifungo hawezi kuruhusiwa kwenda kazini kwa serikali. Sikumwuliza. Nilikuwa na hakika ya jibu lake, na mimi nikiwa na hakika ya jambo huwa siulizi.

Jumatatu ya kwanza nilifungua kitabu, nikaona nafasi mbili tupu za Jumapili zinanitazama. Jumamosi jioni maji yalikuwa futi mbili na sehemu tatu. Jumatatu asubuhi, futi mbili na sehemu sita. Nani angeshindwa kujua ya katikati? Nikaandika sehemu nne, kisha sehemu tano. Ilinichukua muda wa kupiga chafya.

Ningekuwa mvivu tu, pengine ningepona haraka, kwa sababu uvivu baba alikuwa anautambua akiwa umbali wa maili moja. Lakini mimi sikuwa mvivu, nilikuwa ninazipenda zile Jumapili. Baada ya wiki chache niliona kugawanya sawasawa ni kazi ya watoto. Nikaanza kutazama mto ulivyokimbia Ijumaa na ulivyopunguza mwendo Jumamosi, nikatazama Jumatatu na Jumanne, nikapitisha Jumapili yangu katikati kwa mpindo mzuri. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilipolikuta baadaye kwenye vitabu vya chuo, likiwa na jina lake na kanuni zake, nilicheka peke yangu darasani hadi nikatolewa nje.

Nilikuwa hata najipima. Nilikuwa naifunika namba ya Jumatano kwa kiganja, naipigia hesabu kutoka kwa jirani zake, kisha naondoa kiganja. Mara tisa kati ya kumi nilipata ile ile. Basi nikaona kwamba mimi na mto tumeelewana. Kwenye kitubio niliungama hasira, niliungama ulafi, Jumapili zangu sikuziungama hata mara moja. Sikuziona dhambi. Niliziona kipaji.

Masika yalikuja kwa kishindo mwaka ule. Mvua ilinyesha milimani usiku na mchana, na Lumemo ukaanza kubeba magogo. Siku za wiki nilisimama pale asubuhi nimefunika kitabu kwa jani la mgomba, nikiandika futi tano, futi sita, mara moja futi saba kamili. Jumamosi moja jioni maji yalikuwa futi sita na sehemu moja. Jumapili tulikwenda kigangoni, tukanyeshewa kwenda na kurudi. Jumatatu asubuhi maji yalikuwa futi sita na sehemu tano, na mvua ya usiku ilikuwa imeosha ubao ukang'aa. Nikaandika Jumapili yangu kama kawaida, sehemu mbili asubuhi na sehemu nne jioni. Watu niliokutana nao njiani waliniambia jana maji yalikuwa makubwa. Sikuwajali. Watu wa kwetu husema maji ni makubwa kila masika, kama wanavyosema kila mwaka kwamba jua la mwaka huu halijapata kuonekana.

Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, na shamba lake la mpunga lilikuwa kando ya mto ule ule, hatua kama mia mbili chini ya ubao wangu. Kwetu, mpunga ukianza kuchanua watu huhamia shamba kuwafukuza ndege mchana na nguruwe mwitu usiku, na huko hulala kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Shangazi alikuwa anahamia dungu lake mapema kuliko wote na kurudi mwisho. Dungu hilo alilijenga marehemu mumewe kwa nguzo nne za mkongo, na mkongo, kama unavyojua, mchwa huusalimia na kupita.

Siku chache baada ya Jumapili ile nilipita kumwona, maana kwake hakukosekani kambale wa kukaangwa. Nilipanda ngazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, hapa si ofisini."

Nilipokuwa navua viatu nikaona kwenye nguzo ya pembeni mkato mpya wa panga, bado mweupe, umbali wa mkono mmoja tu chini ya sakafu aliyokalia. Chini yake na juu yake kulikuwa na mikato mingine, ya zamani, imeshakuwa myeusi. Nilikuwa nimepanda ngazi ile tangu utotoni na sikuwahi kuitazama nguzo. Nikauliza ni nini.

"Maji," alisema, akigeuza samaki. "Kila mwaka, siku yakifika juu kabisa, nakata. Mume wangu ndiye aliyeanza. Ndivyo tunavyojua sakafu ikae wapi. Huo mpya ni wa Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita. Saa za mchana. Yalikuja yananguruma, nikasema leo naondoka na dungu langu hadi Rufiji."

Nilimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba haiwezekani. Jumapili maji yalikuwa futi sita na kidogo. Kufika kwenye mkato ule yangehitaji kupita futi tisa.

"Nani kakwambia futi sita?"

"Hesabu."

Shangazi akaacha kugeuza samaki. "Hiyo hesabu ilikuwa wapi Jumapili? Mimi nilikuwa hapa juu na kuku wangu watano, tumeshikana mikono. Ubao wako nilikuwa nauona kutoka hapa, namba zote zimezama, zimebaki mbili juu. Wewe sikukuona. Wala Jumapili nyingine sijawahi kukuona."

Halafu nikakumbuka jambo, nikaona nami nina la kusema.

"Shangazi, Jumapili si huwa unakwenda misa mjini? Baba anasema unakwenda misa mjini."

Tukatazamana. Samaki akaanza kuungua.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "nguruwe hawajui Jumapili. Nikiuacha huu mpunga siku moja, nitakula nini mwaka mzima, mahubiri ya baba yako? Kula samaki wako."

Nilikula, na yule kambale alikuwa mchungu kuliko dawa ya malaria. Nilielewa kilichotokea. Maji yalikuwa yamepanda Jumapili asubuhi, yakafika kileleni mchana, yakashuka usiku, na Jumatatu yalinikuta nikiwa nimesimama pale nimejawa na hekima. Mpindo wangu mzuri ulikuwa umepita chini ya kilele kile kama mtu anayepita mlangoni mwa mdai wake, ameinamisha kichwa. Na kama hiyo Jumapili ilikuwa uongo, nyingine ishirini na moja zilikuwa nini? Nilikuwa nimeandika Jumapili ishirini na mbili, namba arobaini na nne. Siku za mwizi ni arobaini, mimi nilikuwa nimezidisha nne.

Lakini niseme kweli, sikukimbilia kutubu. Kwa wiki mbili nilikaa kimya. Nilijiambia kwamba shangazi amezeeka, kwamba panga liliteleza, kwamba kosa ni siku moja tu katika kitabu kizima. Nilianza kwenda mtoni kwa siri hata Jumapili, nikidanganya kwamba ninaumwa tumbo. Baba aliniombea. Nilijisikia vibaya sana kuombewa kwa ajili ya tumbo lililokuwa zima.

Injinia alirudi mvua zilipopungua. Alikuwa amesafiri bonde zima, hadi kijiji cha Mbingu na zaidi, akikagua mito mingine. Alikaa mezani chini ya hema, akasoma kitabu changu ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka taratibu. Mimi nilisimama. Alipofika mwisho alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

"Nimepokea vitabu vitano," alisema. "Hiki ndicho chenye siku zote."

Akakunjua mchoro wa daraja. Akanionyesha, kwa sababu alijua ninapenda kuonyeshwa. Maji makubwa kuliko yote kitabuni, futi saba. Akaongeza futi mbili za usalama. Kwa hiyo mbao za daraja zingekaa kwenye futi tisa. Kisha akavuta karatasi safi na kalamu na kusema sasa ataandika ile barua yangu, lori linaondoka kesho na posta.

Niliitazama ile kalamu ikiandika. Aliandika mistari mitatu, minne. Wakati huo nilikuwa nauona mchoro pembeni yake, daraja limechorwa kwa wino mzuri, na kichwani mwangu nikawa naona maji ya Jumapili yakipita juu ya mbao zake, na watu wakiwa katikati, labda bibi harusi mwenye viatu mkononi. Nilitaka picha hiyo initoke kichwani. Nilikitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kalamu ilifika mwisho, akatia sahihi, akapuliza wino ukauke.

"Bwana injinia," nikasema, "Jumapili sizo."

Hakuelewa. Nikamwambia yote, haraka haraka, nikichanganya kigango na mpindo na nguruwe na dungu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kubadilika uso.

"Jumapili ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Akafumba macho. Alipoyafumbua alichukua ile barua, akaichana mara mbili, akaviweka vipande mfukoni mwake. Alifanya hivyo bila hasira yoyote, na ningependa angenipiga. Kisha akasimama, akachukua kofia.

"Nionyeshe hilo dungu."

Tulikwenda watu sita, na chombo cha miguu mitatu na fimbo za namba, na tulipofika shambani tulikuwa watu arobaini, maana kwetu Mzungu akishika njia ya shamba la mjane hakuna anayebaki na jembe mkononi. Shangazi alikuwa juu ya dungu. Injinia alivua kofia na kusema, "Shikamoo mama," kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Shangazi aliitikia marahaba kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumsema vibaya yule Mzungu mbele yake.

Walisimamisha chombo kati ya ubao na dungu. Kijana mmoja alishika fimbo kwenye ubao, mwingine akaishika kwenye mkato mpya. Injinia akatazama, akaandika, akaongeza kiasi kidogo kwa ajili ya mteremko wa mto, akanigeuzia daftari. Nilipiga hesabu mbele ya watu wote. Futi tisa na sehemu nane. Mbao zake za daraja zingekuwa chini ya maji.

"Na hii mingine?" injinia alimwuliza shangazi, akionyesha mikato myeusi.

Shangazi akashuka ngazi na panga lake, akaanza kuionyesha mmoja mmoja kwa ncha. Huu ni wa mwaka uliofuata kifo cha mume wangu. Huu ni wa mwaka wa nzige. Huu ni wa mwaka alipozaliwa mtoto wa fulani, na mtoto mwenyewe yupo hapo, mnaweza kumwuliza umri. Mkato baada ya mkato, miaka kumi na mmoja, na ule wa juu kabisa ulikuwa unaupita hata huu wa Jumapili kwa kiganja kizima. Injinia alikuwa anaandika kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu. Mtu aliyekuja kutafuta masika moja alikuwa amepewa kumi na moja, yameandikwa kwa panga, na mwandishi wake alikuwa anauliza kama atakunywa chai.

Ni wakati huo ndipo nilipomwona baba. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, amekuja na kitabu chake cha sala kwapani, na vijana wa injinia walikuwa wamemsimulia yote, la Jumapili zangu na la Jumapili za dada yake.

Alinijia mimi kwanza. "Kumbe ulikuwa unaitunza Jumapili yangu kwa uongo wa Jumatatu."

Akamgeukia shangazi, na kwa kuwa alikuwa dada yake mkubwa aliishusha sauti.

"Na wewe, dada, misa ya mjini?"

"Mwalimu," shangazi alisema, "siku ile ningeshukaje hapa? Ningeota mabawa, ungesema nimekufuru."

Watu walicheka, na baba, baada ya kupigana na mdomo wake kwa muda, naye akacheka. Halafu akanishika bega na kuniambia neno ambalo limenikaa kuliko kipigo chochote.

"Kutazama ubao si jembe, mwanangu. Dakika moja, kabla ya kuondoka, dakika moja ukirudi. Ningekuruhusu. Ungeniuliza tu."

Miezi mitano ya uongo, na jibu lilikuwa limelala chumba cha pili. Nilitamani ardhi inifungukie, na wakati huo huo nilikuwa nataka kucheka, na nadhani nilifanya yote mawili kwa sura moja.

Jioni ile injinia alinipa kalamu nyekundu. Nilikaa hemani kwake, nikafuta Jumapili zote ishirini na mbili kwa mstari, na kando ya kila moja nikaandika "Haikupimwa." Ya mwisho tu nikaiandikia kilele chake na chanzo chake, dungu la shangazi. Kitabu kilionekana kama mtoto mwenye surua. Kuhusu barua injinia hakusema neno, nami sikuwa na uso wa kuuliza. Niliendelea na kazi hadi masika yakaisha kabisa, Jumatatu hadi Jumapili, bila tumaini lolote. Jambo la ajabu ni kwamba nilikuwa na furaha. Kila Jumapili alfajiri tulipita mtoni familia nzima, baba akiwa mbele, na mara nyingi alikuwa anaisoma namba kabla yangu.

Siku injinia alipovunja kambi aliniita, akanipa bahasha iliyofungwa kwa lakiri, imeandikwa jina la mkuu wa chuo. "Mpelekee mwenyewe," alisema. Nilimwuliza imeandikwa nini. Akasema imeandikwa kweli, akapanda lori.

Kweli! Nilipanda lori la mpunga hadi Kilosa nimeikumbatia ile kweli, kisha treni usiku kucha hadi Dar es Salaam. Njiani niliamua mara nne kuitupa dirishani. Mtu gani mwenye akili hubeba kwa nauli yake mwenyewe hati ya mashitaka yake? Lakini nilikuwa nimechoka na mambo ya kuficha, na bahasha ilifika nzima, imelowa jasho pembeni.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mnene mwenye miwani. Aliifungua mbele yangu, akasoma kimya, akaisoma tena. Kisha akanisomea kwa sauti, akitafsiri taratibu kwa Kiswahili ili nisikose hata neno:

"Kijana huyu alitunga vipimo arobaini na vinne vya mto, kwa ustadi mkubwa hata mimi sikuvitambua. Hakuna aliyemkamata. Alikuja kuniambia mwenyewe, wakati wino wa barua niliyomsifia ulikuwa bado haujakauka. Ile barua niliichana. Ilikuwa inamsifu mtu mwingine. Hii ndiyo yake. Mfundisheni."

Aliiweka mezani, akanitazama juu ya miwani na kuniuliza kama ni kweli. Nililia pale pale ofisini kwake, mtu mzima wa miaka kumi na minane na sanduku la bati kichwani, maana hata kulitua nilikuwa nimesahau.